Siku laptop yangu ilipowaka bila kuuliza nywila

Jumatano, Soweto, Mbeya. Julai, baridi ya kukunja vidole. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mlima Loleza hauonekani kabisa. Nimevaa makoti mawili na soksi za sufu za mke wangu, na nina furaha ambayo sikuitarajia mwezi huu.

Naandika haya kwenye laptop iliyokufa.

Nieleze vizuri. Laptop ni ileile ya kijivu niliyoanza nayo kuandika hapa kwenye blogu yangu. Mfumo uliokuwa ndani yake umeharibika. Ukiiwasha inakuonyesha kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, basi. Lakini ubavuni nimechomeka flashi nyekundu, ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, na ndani yake umo mfumo mwingine mzima unaoitwa Linux. Mashine inaendeshwa na hiyo flashi. Herufi zinatii, intaneti ipo, na diski ya ndani imelala tu kama mgonjwa anayefanyiwa kazi zake na jirani. Nimeambiwa nisichomoe flashi mpaka nizime. Safari hii nitatii.

Nasema safari hii kwa sababu chanzo cha yote ni mimi. Wiki iliyopita laptop ilianza kujisasisha. Iliandika kwa herufi kubwa kwamba nisiizime. Nikangoja saa nzima, nikangoja ya pili, nikaona inanidharau. Nikaizima.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na nane, na kosa nililowaadhibu kuliko yote ni kutofuata maelekezo.

Wanaosoma hapa wanajua hali yangu. Moyo umechoka. Daktari hasemi sana siku hizi, ananishika bega tu, na mimi ni mtu mzima, najua bega likishikwa hivyo maana yake nini. Sidhani nitaziona mvua zijazo zikiisha. Sina manung'uniko. Nilikuwa na jambo moja tu la kumaliza, nalo nilikuwa nimelimaliza, ila nililimalizia ndani ya hiyo laptop.

Ilikuwa barua. Kurasa nne, nimeziandika na kuzifuta kwa miaka miwili. Niliipa jina KWA SKOLA NIKISHAFARIKI nikaiacha mbele kabisa ya kioo, mahali pa kuonekana. Sikuogopa kuiacha hapo, kwa sababu laptop ilikuwa na nywila niliyoijua mimi peke yangu. Nywila yenyewe niliiandika kwenye karatasi, nikaiweka kwenye bahasha, nikampa binti yetu Atupele aliyeko Dodoma, nikamwambia aifungue siku ya mazishi.

Skola ni mke wangu. Skolastika. Tumeoana karibu miaka hamsini, na muda wote huo nimemficha jambo moja kuhusu mama yake.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana kwenye kijiji kimoja juu ya Iringa mjini, njia ya Kilolo. Asubuhi nilifundisha watoto. Alasiri, siku tatu kwa wiki, watoto wakishaondoka, wazazi wao walikuja kwenye madawati yaleyale kwa kisomo. Magoti ya wanaume yalifika kidevuni. Akina mama walikuja na watoto mgongoni na jembe wakaliegemeza mlangoni. Nimefundisha madarasa mengi baadaye, lakini sikupata tena darasa lenye kiu namna ile.

Kwenye benchi la dirishani alikaa Mama Yustina, mwanamke mrefu, mkimya, mjane. Mwezi wa kwanza alikuwa anakwenda vizuri. Alijua irabu zote, na jina lake aliliandika kwa mkono wa taratibu kama anayeshona.

Kisha nikamwona binti yake.

Nilimpenda Skola kwa haraka, nikatuma mshenga kwa haraka pia. Na hapo ndipo nilipoharibu. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mama yangu hakuwahi kukaa chumba kimoja na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, aliingia migombani mpaka mzee apite. Hiyo ndiyo heshima ya ukwe niliyoijua, nikaibeba nzima nzima mpaka kwao Skola, Uhehe, bila kuuliza mtu. Tangu siku mshenga alipokwenda, sikuweza tena kusimama kwenye benchi la Mama Yustina. Nilisahihisha madaftari ya benchi la mbele yake, nikaruka, nikaenda la nyuma yake. Nilifundisha nikiwa nimegeukia ubao. Mwanafunzi mmoja tu darasani alikosa mwalimu, naye alikuwa mama wa msichana niliyetaka kumwoa.

Nilijiambia kwamba anasikia. Anafuata kwa masikio.

Siku ya mtihani nikakusanya karatasi. Yake ilikuwa na jina, na chini ya jina nusu ya sentensi ya kwanza, basi. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa nyeupe. Nilikaa ofisini peke yangu nikiitazama. Nikafikiria orodha itakayobandikwa ukutani, kijiji kizima kikisoma nani ameshinda na nani amebaki, wakati posa iko mezani. Nikachukua penseli, nikaiga ule mkono wake wa taratibu, nikamaliza karatasi nzima. Niliweka na makosa mawili, ili isizidi.

Alifaulu. Alipewa cheti. Aliyepewa cheti alifutwa kwenye daftari la mahudhurio, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Hilo ndilo lililonila. Uongo wa karatasi ungekwisha siku moja. Lakini kwa kalamu yangu nilimtoa darasani mwanamke ambaye alikuwa bado anataka kujifunza, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hakusema neno. Mimi pia. Mtu na mkwewe wangeanzia wapi?

Miaka yote aliyoishi baada ya hapo, tukienda kumsalimu, nilimwona kanisani ameshika kitabu cha nyimbo kimefungwa. Wenzake wamefungua, yeye amekishika kifuani kimefungwa, anaimba kwa kichwa. Mara zote nilitazama pembeni. Tulipomzika nilibeba jeneza, na watu walifikiri nalia kwa upendo. Nilimpenda ndiyo. Lakini nilikuwa nalia kwa ajili ya kile kitabu.

Hayo ndiyo yalikuwa kwenye barua, na mwisho wake niliomba msamaha. Nilitaka Skola aisome nikiwa siwezi kuuona uso wake.

Sasa turudi kwenye laptop. Nilipoizima na ikakataa kuwaka, nilishikwa na hofu mbili zilizogombana. Moja, barua imepotea na nitakufa nayo. Ya pili, fundi ataipata. Nikajituliza kwa kukumbuka nywila. Nikampigia simu Sekela.

Sekela ana duka la kuchapisha na kutengeneza kompyuta karibu na soko. Nilimfundisha darasa la tano. Sasa ana wajukuu wawili. Kwa kuwa siwezi tena kutembea mpaka kwake, leo saa nne alikuja mwenyewe, amejifunga khanga juu ya koti, akanisalimu kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili.

"Ndaga, Mwalimu. Shikamoo. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Mgonjwa yupi? Tuko wawili."

"Wewe nakuona unapumua."

Aliiwasha, akasoma ule mstari mweupe, akaniuliza nilifanya nini. Nikamweleza.

"Iliandika usizime."

"Iliandika."

"Na wewe ulinisimamisha nje juani mara ngapi kwa kutosoma maelekezo?"

Skola alikuwa mlangoni na sinia la chai, akacheka mpaka vikombe vikalia. Yeye ndiye aliyekuwa na hamu zaidi kwamba laptop ifunguke. Alisema ana vitu vyake kwenye folda ya Kwaya ya Akina Mama, na anavitaka. Mimi folda hiyo sijawahi kuifungua. Nilidhani ni nyimbo, na nimeisikia kwaya hiyo ikifanya mazoezi sebuleni kwetu kiasi cha kunitosha.

Sekela akatoa flashi. Alinieleza kama nilivyokuwa nikimweleza sehemu na desimali. Laptop ikiwashwa, alisema, inakwenda moja kwa moja kwenye diski yake kutafuta mfumo wa kuiamsha. Ikiukuta umeharibika, inasimama hapohapo, haina akili ya kutafuta kwingine. Kazi yetu ni kuiambia itafute kwanza kwenye flashi. Aliizima, akaiwasha, akaanza kugonga kitufe cha F12 kwa kidole kimoja, haraka haraka, kama kuku anadonoa.

Kioo cheusi. Mstari mweupe.

"Imekuwahi," nikasema.

"Imeniwahi. Tulia, Mwalimu."

Mara ya pili aliingia ndani zaidi, kwenye ukurasa wa bluu wenye orodha, akaipandisha flashi juu ya diski kwenye mpangilio. Akahifadhi, akawasha. Taa ya flashi ikaanza kupepesa. Tukangoja. Skola alikuwa amekaa kwenye mkono wa kiti changu, na nilisikia anashusha pumzi pamoja na mimi. Ikatokea picha ya milima ambayo si yetu, na swali: unataka kuusakinisha mfumo huu, au kuujaribu tu bila kugusa chochote?

"Kujaribu," Sekela akasema. "Hapa hatuandiki kitu kwenye diski yako, tunachungulia tu. Ukichomoa flashi, inarudi ilivyokuwa."

Nikaona ni busara kubwa. Nikawa naisubiri iniulize nywila.

Haikuuliza.

Sekela akabofya alama ya diski, na mafaili yangu yote yakafunguka kioo kizima, ya mitihani ya zamani, picha za Atupele, na katikati, kwa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe, ile barua.

"Nywila je?" nikauliza.

"Paswedi ni ya ule mfumo ulioharibika, Mwalimu. Ni kama mlinzi wa mlango wa mbele. Sisi tumeingilia jikoni." Alikuwa amefurahi, na alikuwa na haki. Kisha akasoma kwa sauti, kwa nia njema kabisa, "Kwa Skola nikishafariki. Hii nayo tuinakili?"

Moyo wangu huu wenye siku za kuhesabiwa ulipiga nikausikia masikioni.

"Fungua," Skola akasema.

"Imeandikwa nikishafariki," nikasema. "Sijafariki."

"Sekela, fungua. Skola ni mimi."

Sekela alifungua, akasimama, akasema anasikia maharage yanaungua. Hatukuwa tumeinjika maharage. Alikwenda jikoni hivyohivyo na kufunga mlango.

Mke wangu alivaa miwani. Anasoma polepole, hana tabia ya kuruka mistari. Nilimtazama uso, ule uso niliotumia miaka miwili na bahasha moja kuukwepa. Ukurasa wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tatu akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akaivaa tena. Wa nne aliusoma mara mbili.

"Baba Atu," akasema.

"Naam."

"Mama alikuwa anasema, yule Mnyakyusa wako analiruka benchi langu kama limelala nyoka."

Kisha akaanza kucheka. Hakuwa ananikejeli, alikuwa anacheka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani njia ndefu akaitua. Mimi sikuelewa. Nilimwambia sielewi. Akavuta laptop kwake, akaitafuta folda ya Kwaya ya Akina Mama, akaifungua. Hakukuwa na nyimbo. Kulikuwa na picha kumi na moja za kurasa za daftari, kingo zake zimeliwa na mchwa.

Daftari hilo kaka yake alilikuta mwaka juzi walipokuwa wanabomoa nyumba ya zamani ya mama yao. Skola alilipiga picha kwa simu kabla halijamomonyoka, akaomba katibu wa kwaya amwekee kwenye laptop, wakati huo ikiwa bado haina nywila. Kurasa za kwanza ni irabu. Zinazofuata ni maneno: jembe, maji, mama, mahindi. Mkono ni uleule wa taratibu nilioiga mimi, ila huu ni wake.

Skola ndiye aliyemfundisha. Wiki ileile ya cheti, Mama Yustina alimwita jikoni akamwambia kila kitu, akamwekea daftari mapajani, akasema, haya, wewe si mkwe wangu, nifundishe. Walisoma kila jioni pembeni ya mafiga hadi siku ya harusi yetu na baada ya hapo kila tulipokwenda. Alijifunza. Alisoma mpaka vipande vya magazeti vilivyofungiwa chumvi.

"Na kitabu cha nyimbo?" nikauliza. "Alikuwa anakifunga."

"Ukiwepo wewe tu. Alisema ukimwona anasoma utajua kwamba ameniambia, utaona aibu mbele yangu. Alisema umemsitiri vibaya, lakini ulikusudia kumsitiri. Kwa hiyo na yeye akusitiri."

Kila nilipoondoka, Skola akasema, kilifunguliwa.

Skola akafungua ukurasa wa mwisho. Nausoma tena sasa hivi, uko kwenye dirisha la pembeni wakati naandika:

"Mimi Yustina. Mwalimu aliniandikia mtihani. Leo naandika mwenyewe. Mahindi yamekomaa. Mwalimu asiambiwe."

Skola aliniwekea chai mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu ya kikombe.

"Kwa nini hukuniambia, hata baada ya mazishi yake?"

"Alinikataza nisikwambie ukiwa hai. Nilikuwa nangoja ufe kwanza." Aliposikia alichosema alifunika mdomo, kisha akaendelea hivyohivyo. "Nilitaka nisimame siku hiyo niusome huu ukurasa mbele ya watu. Nimeshaupangia na wimbo. Sasa umejua na hujafa. Nikifika huko nitamwambia nini?"

Kwa hiyo tulikuwa tumeweka siri zetu zote mbili kwenye diski moja, hii vidole vitatu kutoka ilipo nyingine, kila mmoja akingoja mazishi yaleyale. Tulicheka mpaka Sekela akatoka jikoni kuona kama moyo wangu umesimama.

Ukweli ni kwamba sijaupumzisha hivi miaka mingi.

Baadaye nilimwuliza Sekela kama ndani ya flashi kuna kalamu. Alidhani naweweseka. Nikamwambia kalamu nyekundu. Akapata, ipo programu ya kuchora. Akatengeneza nakala ya ule ukurasa ili wa asili ubaki salama, akanipa kipanya. Mkono wangu unatetemeka sana siku hizi. Sahihi yangu benki hawaitambui tena. Ilinichukua majaribio manne. Lakini pembeni ya mistari ya Mama Yustina sasa ipo alama ya vema, nyekundu, imepinda kama kijiti, na chini yake nimeandika: Vizuri sana.

Ni daftari la kwanza kusahihisha kwenye benchi hilo tangu nitume mshenga.

Skola naye alitaka kubadilisha kitu. Alimwuliza Sekela jina la faili linabadilishwaje. Barua yangu sasa inaitwa KWA SKOLA, AMEISOMA. Nimempigia Atupele nikamwambia achane ile bahasha. Ameuliza ilikuwa na nini. Nikamwambia amwulize mama yake, ana hadithi nzuri na wimbo wake.

Alama yangu, barua na kurasa zote kumi na moja ziko kwenye flashi nyingine pia, Skola ameifunga kwenye pindo la khanga. Kesho asubuhi Sekela anarudi kuusakinisha mfumo huu mpya ndani ya laptop, ubaki huko. Kabla hajaondoka alinifundisha kuzima: funga kwanza, ngoja taa ya flashi itulie, ndipo uchomoe. Nimeyaandika maelekezo kwenye karatasi na kuyabandika ukutani. Nitayafuata.

Ukungu umeanza kunyanyuka. Naona miguu ya mlima. Skola yuko nyuma yangu, anaimba ule wimbo alioniandalia. Ni mzuri. Nimemwambia asiubadilishe.

Sekela ameacha swali moja nilifikirie usiku huu: kwenye mfumo mpya, niweke nywila au nisiweke?

Niiweke ya kumficha nani?